UZI: Kabla ya Bongo Fleva kulikuwa na vimini na soul. Wasichana wa Dar wa 1968 ndio waliotangulia

Mwana wa Gerezani (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Wakubwa zangu wote shikamooni.

Kila tunapojadili vijana wa Dar waliokwenda kinyume na matakwa ya wakubwa, tunaanzia miaka ya 1990. Anatajwa Saleh Jabir na rap yake ya Kiswahili, linatajwa kundi la Kwanza Unit, yanatajwa mashindano ya Yo! Rap Bonanza ya 1993, halafu tunateremka hadi Bongo Fleva na hadithi inaishia hapo. Wote hao nawaheshimu. Lakini robo karne kabla yao kuna vijana wa jiji hili hili waliochaniwa nguo barabarani na kupigiwa marufuku muziki wao, na hakuna anayewakumbuka. Waliobeba mzigo mzito kuliko wote walikuwa wasichana. Uzi huu ni wao.

Turudi nyuma. Sensa ya 1957 iliikuta Dar ina watu wasiofika 130,000. Ya 1967 ikakuta zaidi ya 270,000. Miaka kumi tu, mji umeongezeka maradufu, na walioujaza ni vijana waliotoka mikoani kutafuta kazi ambazo hazikutosha. Wachache walizipata, na miongoni mwao walikuwemo wasichana: makarani, wapiga taipu, wapokea simu, wauguzi. Huyu alikuwa mtu mpya mjini. Binti ana mshahara wake, amepanga chumba Ilala au Magomeni, na Jumamosi jioni anaamua mwenyewe anakwenda wapi. Hakuwa mke wa fulani wala hakuja mjini kumfuata mjomba. Kimini kilikuwa nguo ya mtu huyo. Fundi wa mtaani alikishona kwa kipande kidogo cha kitambaa huku akitazama picha ya gazetini, na binti alikilipia kwa fedha aliyoitolea jasho.

Upande wa pili kulikuwa na taifa changa lenye haraka. Desemba 1962 Mwalimu Nyerere alipotangaza kuunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, aliuliza: tunajua rumba, chachacha, twist na roki, lakini ni wangapi wanaocheza gombe sugu, au kiduo, au lele mama? Swali lile lilikuwa la haki. Mkoloni alitufundisha kuzionea haya ngoma zetu, na mtu wa kulisema hilo hadharani alihitajika. Ila tazameni utamaduni na vijana walivyotiwa ndani ya wizara moja. Tangu siku ile kijana amehesabiwa kuwa mali ya kujengea taifa, na namna anavyovaa na anavyocheza ikawa shughuli ya serikali.

Halafu ikaja tarehe 22 Oktoba 1966. Wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kujiunga na JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), na zaidi ya 300 wakarudishwa makwao. Miezi michache baadaye, Februari 1967, likatangazwa Azimio la Arusha. Baada ya hapo kijana msomi wa mjini, mwenye suruali ya kubana na nywele za kuchana, alianza kutazamwa kwa jicho la shaka.

Oktoba 1968 mambo yakalipuka. Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha wakati ule, ukatoa azimio: kuanzia tarehe 1 Januari 1969 ni marufuku vimini, mawigi, krimu za kuchubua ngozi, na suruali za kubana kwa wanaume. Kampeni ikaitwa Operesheni Vijana. Lakini watu hawakungoja Januari. Oktoba ile ile magenge ya wavulana yaliingia Kariakoo kuwashambulia wasichana waliovaa nguo fupi au za kubana. Yaliwavuta, yaliwazomea, yaliwachania nguo mchana kweupe, hadi polisi wa kutuliza ghasia wakaitwa.

Nawaombeni tusilipite hili haraka. Marufuku iligusa jinsia zote mbili, lakini waliovamiwa pale Kariakoo walikuwa wasichana. Mwanaume wa suruali ya kubana alipigwa maneno. Binti alipigwa mikono.

Kilichonifanya niandike ni kwamba hawakunyamaza. Magazeti ya wakati ule yalijaa barua za wasomaji kuhusu jambo hili, na wanawake waliandika kwa majina yao. Waliuliza: kama vazi la Kizungu ni kosa, mbona suti na tai za wakubwa hazimo kwenye orodha? Waliuliza: mwaka huu huu serikali inawaamrisha Wamaasai waache lubega wavae suruali ili wafanane na watu wa kisasa, sasa sisi wa mjini tunaambiwa tuache usasa ili tufanane na nani? Hebu soma hoja ile tena. Mwaka 1968 kulikuwa na kampeni mbili kwa wakati mmoja, moja inamvisha Mmaasai suruali kwa sababu lubega ni aibu ya taifa, nyingine inamvua binti wa mjini kimini kwa sababu Uzungu ni aibu ya taifa. Makarani na wanafunzi waliliona hilo papo hapo, wakaliandika, na mpaka leo sijaona jibu lake.

Mwaka uliofuata zamu ikawa ya muziki. Novemba 1969 Mkuu wa Mkoa wa Pwani, Mustafa Songambele, alipiga marufuku muziki wa soul, ule wa Weusi wa Marekani. Wakati huo Dar ilikuwa ndani ya mkoa huo. Madansi ya soul yalikuwa yanajaza vijana wa shule, na hofu ya wakubwa ilikuwa utoro, ngono na kuiga Wamarekani.

Naendelea kesho. Wenye kumbukumbu za wazazi wao, tafadhali wekeni hapa.

Bint Ilala

Mkuu, Mungu akubariki kwa uzi huu.

Mama yangu alikuwa mpiga taipu kwenye ofisi moja mjini miaka hiyo. Aliwahi kutusimulia kwamba asubuhi alitoka nyumbani amejifunga khanga juu ya kimini, akapita nayo Kariakoo yote, akifika ofisini anaivua na kuikunja ndani ya mkoba. Jioni anajifunga tena. Wenzake wote walifanya hivyo. Anasema mshahara wa kwanza alinunua kitambaa cha nguo ile na debe la mchele la kumpelekea bibi, na bibi alipokea mchele na kuikubali nguo bila neno. Watu wa barabarani ndio walioshindwa kuikubali.

Kwa hiyo uliposema ilikuwa nguo ya mtu anayejilipia, umemsema mama yangu.

Chuma cha Reli

Mleta uzi, umeandika vizuri, ila umewapamba mno.

Weka mizani sawa. Mwaka huo huo wa 1968 mto Rufiji ulifurika, watu walipoteza mashamba, serikali ikawa inahangaika kuwahamisha. Nchi ina madaktari wa kuhesabu. FRELIMO wako vitani Msumbiji na ofisi zao ziko hapa, na Februari 1969 kiongozi wao Mondlane anauawa kwa bomu hapa hapa Dar. Jiji ndilo makao ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Katika hali hiyo, kijana anayetaka kucheza soul na binti anayetaka kimini walikuwa wachache waliobahatika kupata shule na kazi. Mkulima hakujua hata soul ni nini. Baba yangu alikuwa kwenye Umoja wa Vijana, alifyatua matofali ya shule kwa mikono yake bila malipo. Hakuwa mshenzi. Aliamini anajenga nchi, na nchi ilijengwa.

Naomba tusiwageuze hao waliojitolea kuwa wabaya wa hadithi ili wapenda fasheni wawe mashujaa.

Mwana wa Gerezani

Chuma cha Reli, hoja yako ni nzito na naijibu kwa heshima, pamoja na heshima kwa mzee wako.

Matofali yale ni ya kweli. Shule nyingi za nchi hii zina mikono ya watu kama yeye. Lakini waliovamia Kariakoo Oktoba 1968 hawakuwa wakifyatua matofali. Wengi walikuwa wavulana wasio na ajira, waliokuja mjini kwa ndoto zile zile walizokuja nazo wasichana, na mji ukawanyima. Wanamwona binti wa umri wao ana mshahara na chumba, na wanaamini kanunuliwa na wabenzi wenye magari. Hasira yao ilikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa njaa na foleni za kazi. Azimio la kimini liliwapa ruhusa ya kuimwagia hasira hiyo kwa mtu dhaifu kuliko mwenye gari. Mbenzi hakuguswa. Mimi naona hapo ndipo wakubwa walipokosea sana, maana walikuwa na kundi la vijana wenye njaa na kundi la vijana wenye kiu ya kuwa huru, wakalichochea la kwanza dhidi ya la pili.

Na kuhusu wapigania uhuru, hapo mimi naona tofauti kabisa na wewe. Malcolm X alifika Dar Oktoba 1964. Stokely Carmichael alikuja 1967. Jiji liliwapokea Weusi wa Marekani kama ndugu, likawasikiliza, likachapisha habari zao. Soul ndiyo iliyokuwa muziki wa watu hao hao, kwenye miaka ile ile waliyokuwa wakipigwa na polisi kwa kudai haki. Vijana wa hapa waliposikia James Brown hawakumsikia kama Mmarekani wa ubalozi. Walimsikia mtu mweusi asiyeomba radhi. Wapo waliosema hivyo wazi kwenye barua zao baada ya marufuku ya Songambele: huu ni muziki wa ndugu zetu waliochukuliwa utumwani, iweje uitwe ubeberu? Ukimkaribisha mgeni sebuleni halafu ukakataza nyimbo zake, kijana ataona.

Kwamba mkulima hakuijua soul, ni kweli. Ila mkulima hakuijua pia tai ya waziri, na hiyo haikupigwa marufuku.

Kisutu 74

Wadogo zangu, mimi nilikuwa mtoto mdogo lakini kaka zangu walikuwa ndani ya mambo hayo, acheni niongeze ya baada ya marufuku, maana mleta uzi ameishia 1969 na utamu ulikuja baadaye.

Marufuku haikuua kitu. Miaka ya 1970 ndiyo ya suruali za bugaluu na pekosi, viatu vya raizoni na nywele za afro. Kaka yangu mkubwa alikuwa na raizoni za kisigino kirefu ambacho mama alikuwa akikipima kwa kiganja na kusikitika. Baba mdogo anasimulia kwamba vijana wa chama walipomkamata mtu mwenye suruali ya kubana walitumbukiza chupa ya soda kiunoni, isipopenya hadi chini, suruali inachanwa pale pale. Bugaluu ilikuwa pana chini, kwa hiyo vijana walicheka: sasa leteni chupa yenu.

Kwenye muziki kulikuwa na njia mbili. Bendi kubwa za dansi zilikuwa na mwajiri: NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi tangu 1964, Urafiki ya kiwanda cha nguo, Polisi, JKT. Mwanamuziki ana mshahara na vyombo ni vya shirika, na nyimbo zinarekodiwa Redio Tanzania, kituo pekee. Siwadharau hata kidogo, dansi lile ndilo lililonilea. Lakini vijana wa soul na roki hawakuwa na shirika la kuwabeba. Waliazima magitaa, walipiga kumbi za mjini mchana wa Jumapili, watu wakaja kucheza bugi. Ndiko walikopitia watu kama Patrick Balisidya na Afro 70. Na utaona jambo la ajabu: walipobanwa kuhusu kuiga, waliingiza ngoma za nyumbani ndani ya magitaa ya umeme. Afro 70 ndiyo bendi iliyokwenda kutuwakilisha FESTAC, tamasha la sanaa na utamaduni wa watu weusi, Lagos, 1977. Kijana aliyeanza kwenye muziki wa kuitwa wa kigeni akawa bendera ya nchi.

Na msiwasahau Sunburst. Bendi ya Dar, roki na soul na ngoma kwa pamoja, mtindo wao wakauita kitoto. Albamu yao, Ave Africa, ilitoka 1976, wakairekodi Zambia. Ikapotea miaka arobaini mpaka Waingereza wakaitoa upya 2016. Vijana wa Ulaya wanainunua, na hapa Kariakoo ukiuliza jina lao unatazamwa tu. Hilo linaniuma.

mtoto wa Mburahati

Mkuu Kisutu shikamoo. Mimi wa juzi tu, nimezaliwa mwaka 2000, lakini nikisoma hapa naona singeli mtupu.

Sisi tuliambiwa hayo hayo. Singeli, huu muziki wetu wa kasi, imetoka kwenye vigodoro, zile sherehe za mtaani za kukesha, Manzese, Mburahati, Tandale, spika zimefunga mtaa usiku kucha. Ikaitwa kelele, ikaitwa muziki wa wahuni na wezi. Mchiriku kabla yake ulisemwa hivyo hivyo, vinanda vidogo vya Casio na spika za tarumbeta, polisi wanakuja wanatawanya. Halafu 2017 rekodi za studio ya Sisso pale Mburahati zikatoka kwenye lebo ya Uganda, Nyege Nyege Tapes, Wazungu wakachanganyikiwa na kasi ile, mapigo 200 na zaidi kwa dakika, na huku nyumbani wanasiasa wakaanza kuwaita wasanii wa singeli jukwaani.

Kwa hiyo swali langu kwa mleta uzi: urithi wa hao wa 1968 umefika kwetu kwa njia gani? Maana hatukuwajua. Mimi leo ndiyo nasikia Operesheni Vijana.

Mwana wa Gerezani

Mdogo wangu, swali zuri, na nimekaa nalo toka asubuhi.

Sidhani kama urithi ulipita mkononi kwa mkono. Kati yao na nyinyi kuna shimo. Miaka ya mwisho ya 1970 na mwanzo wa 1980 ilikuwa ya vita vya Kagera, foleni za sukari na sabuni, na 1983 ikaja Nguvu Kazi, kijana asiye na kitambulisho cha kazi anazolewa Dar na kupelekwa shamba. Bendi za magitaa ya kuazima hazikuweza kuishi katika hali ile. Nyuzi zenyewe hazipatikani. Waliofika miaka ya 1990, enzi ya Mzee Ruksa, Rais Mwinyi, imeshafungua milango ya mitumba na kanda za video, walianza upya kabisa, wengi wakiwa watoto wa Upanga na Oysterbay wenye ndugu wa kuwaletea kaseti kutoka nje.

Lakini tazama walichokifanya. Kwanza Unit walianza na Kiingereza, kisha Kiswahili kikawavuta, na Rhymson wa kundi hilo akaja na wazo la taifa la Kwanzania, watu wa hip hop wenye maadili yao wenyewe. Ni swali la 1968 limerudi: je, kijana anaweza kuwa Mwafrika kwa namna aliyoichagua mwenyewe? Wakaja Mr II (ndiye Sugu), wakaja Hard Blasters na Professor Jay, na Radio One iliyoanza 1994 ikawapa hewani nafasi ambayo kizazi cha soul hakikuipata kamwe. Hapa ndipo tofauti kubwa ilipo. Wa 1969 walikuwa na redio moja ya serikali na mkuu wa mkoa mmoja anayeweza kufunga mlango. Wa 1994 mlango ulikuwa zaidi ya mmoja. Ndiyo maana wakafika mbali hadi wawili wao wakaingia Bungeni, Sugu kwa Mbeya Mjini 2010 na Professor Jay kwa Mikumi 2015.

Kilichorithiwa bila kukatika ni upande wa pili, mkono wa kufungia. Songambele 1969, na Februari 2018 orodha ya nyimbo 13 zilizokatazwa kupigwa redioni. Lugha inafanana sana: maadili, mila, desturi za Mtanzania.

Na kuna jambo linalonisumbua kuliko yote. Mlivyosema vigodoro, ni nani aliyeshikiwa bango hasa? Wachezaji, mabinti. Mpigaji wa kinanda hakuulizwa kuhusu maadili ya taifa. Kwenye hip hop ya mwanzo pia, ukimtoa Zay B, Sista P na wengine wachache, wanawake walibaki pembeni, na historia yake imeandikwa kama historia ya kaka zetu. Miaka hamsini na kitu baada ya Kariakoo, nguo ya binti bado ndiyo inayojadiliwa kwanza kijana wa Dar akianzisha kitu kipya. Ndiyo maana nasisitiza tuanzie pale. Ukianzia 1991 unapata hadithi ya vipaji vya wanaume vilivyoshinda. Ukianzia 1968 unaona nani alilipa gharama ya kwanza ili mtu mdogo aruhusiwe kuwa na ladha yake mjini.

Chuma cha Reli

Nimekusoma, mkuu. Kuhusu wabenzi kutoguswa sina la kupinga. Ila bado nasema mzee wangu na wenzake nao waandikwe kwa majina, maana nao walikuwa vijana, na wao pia hakuna anayewakumbuka. Kesho nitamuuliza alikuwa wapi Oktoba ile. Sijawahi kumuuliza.

Mwana wa Gerezani

Muulize, ndugu yangu, na akikubali tuwekee hapa kwa maneno yake mwenyewe. Tunahitaji pande zote.

Ombi langu kwa wengine: watu hawa sasa wana miaka sabini na kitu, themanini. Magazeti ya miaka ile yanaweza kusomwa maktaba, lakini magazeti yana hoja, hayana jina la fundi wala bei ya kitambaa wala ukumbi gani ulikuwa na sakafu nzuri. Hayo wanayo wao. Picha za studio za miaka ile zimo kwenye makabati ya nyumba zetu, Ilala, Temeke, Magomeni, mabinti wamesimama mbele ya pazia wamevaa vimini. Zipigeni picha kwa simu, nyuma muandike ni nani, mwaka gani, mtaa gani. Mwenye picha aulizwe kwanza kabla ya kuweka hapa.

Bint Ilala, mama yupo? Angekubali kurekodiwa?

Bint Ilala

Yupo, anawasalimu wote. Nimemsomea uzi mzima leo baada ya chakula. Sehemu ya Kariakoo alinyamaza, sehemu ya tai ya waziri alipiga makofi.

Amekubali, kwa sharti moja: hataki kuzungumza peke yake. Anataka nimtafutie kwanza mwenzake waliyekuwa wakikaa naye meza moja ofisini, anasema huyo ndiye aliyekuwa jasiri, alipita Kariakoo bila khanga. Mara ya mwisho alisikia amehamia Tandika. Jumapili naenda kuulizia.

Kisutu 74

Ukifika Tandika nitafute ujumbe wa siri, dada. Nina shemeji pale anayewajua wazee wote wa upande ule.